Masizi ya Treni ya Mabruki

Zamda alikuwa amevumilia mengi kwa ajili ya treni ile. Alivumilia meza ya chakula kugeuzwa stesheni, wakawa wanakula mkekani kama watu waliohamia jana. Alivumilia moshi wa lehemu uliomkausha koo, na vipande vya bati vilivyomchoma nyayo kila alipofagia. Mumewe, Mabruki, mfua bati wa Gongoni, alikuwa ameacha kutengeneza vibatari na ndoo tangu kamati ya Saba Saba ya mkoa ilipomwomba atengeneze kitu cha kupelekwa maonyesho ya Dar es Salaam. Mwingine angetengeneza birika kubwa. Mabruki aliamua kuipeleka Tabora yenyewe: jengo la stesheni, tangi la maji, injini na mabehewa matatu, vyote kwa bati la makopo ya maziwa na samli.

Hayo yote Zamda aliyabeba. Lakini Jumatano ile asubuhi, alipokuwa akifuta vumbi pembeni mwa meza, alimwona mwanamke.

Alikuwa kajengwa kwa kijiti, hazidi kiungo kimoja cha kidole. Alisimama kwenye jukwaa la abiria na beseni kichwani, na beseni lenyewe lilikuwa kifungo cha shati. Kiunoni kafungwa kitambaa cha kweli, chekundu na cheusi chenye madoa meupe. Kisutu, kanga ya bibi harusi.

"Bwana, huyu nani?"

Mabruki hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika unywele mmoja wa brashi, anatia mavi ya njiwa kwa chokaa juu ya paa la stesheni. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, anachora mavi ya njiwa na kukunja uso kama anayesoma hukumu.

"Muuza asali," alisema.

"Naona anauza asali. Nauliza ni nani."

"Ni muuza asali, Zamda. Stesheni ya Tabora isiyo na muuza asali itakuwa stesheni ya wapi?"

"Wauza asali wako wengi pale. Huyu kaegemea mguu wa kushoto."

Mabruki akachovya brashi upya. Tabora nzima ilijua nani husimama akiegemea mguu wa kushoto, nyonga imetoka nje kidogo, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Ni Sikuzani, mke wa kwanza wa Mabruki, aliyekuwa akiuza asali pale stesheni kila treni ilipoingia. Mabruki alimwacha kabla ya kumwoa Zamda, lakini alimwacha kwa talaka moja. Moja, si tatu. Wanawake wa Gongoni walilijua jambo hilo kama walivyojua bei ya chumvi, na Zamda alilijua kuliko wote. Mwanamke wa talaka moja anaweza kurudiwa. Mlango wake umerudishwa tu, haujafungwa.

"Mimi nimetengeneza ninachokiona," Mabruki alisema mwishowe.

"Na unakiona kila alasiri."

"Ninakwenda kuangalia injini. Nimekwambia. Nikikaa hapa nitajuaje kutu inaanzia wapi?"

Ni kweli alikuwa amemwambia. Tena alimfundisha. Kitu kikiwa safi, alimwambia siku moja, jicho linajua mara moja kwamba ni kopo. Kitie masizi pale moshi unapopita, kitie kutu pale maji yanapotuama, jicho linasahau kopo na kuona treni. Masizi yenyewe aliyakwangua chini ya masufuria ya Zamda, akayachanganya na mafuta ya taa. Zamda alikuwa amejivunia jambo hilo kimyakimya. Kila alipoitazama injini ile ya rangi ya damu ya mzee, na moshi wa jiko lake umeipaka mgongo, aliona kwamba naye ana mkono humo.

Sasa aliitazama meza upya. Palikuwa na mpagazi mwenye shehena, mkata tiketi, mzee aliyelala juu ya benchi, hata mbwa wa stesheni masta na mkia wake uliokatika.

"Na mimi niko wapi?" aliuliza.

"Wapi?"

"Hapo. Mpaka mbwa umemweka. Mimi niko wapi?"

Mabruki aliikagua meza kwa makini, kutoka tangi la maji mpaka behewa la mwisho, kama fundi aliyeambiwa kuna kitu amesahau.

"Wewe hukai stesheni," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuuma Zamda. Angesema kwa ubaya wangegombana, wakamaliza. Aliingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa kisutu chake cha harusi kilichokuwa chini kabisa pamoja na karafuu. Alikikunjua kitandani, akakagua pindo zote nne, huku akiomba akute pembe moja imekatwa. Siku hiyo tu angefurahi kuona nguo yake imetiwa mkasi. Kisutu kilikuwa kizima.

*

Aliyekuja kumaliza ubishi alikuwa Sikuzani mwenyewe.

Alhamisi treni ya Mwanza ilichelewa, naye akapita Gongoni na beseni lake la chupa. Habari za treni ya bati zilikuwa zimeshaenea mtaani. Majirani waliingia na kutoka wakiitazama, na wote walimtambua mwanamke wa jukwaani kabla ya kuitambua injini. Kherunisa, mke wa Badrudin mwenye duka la rangi, alikuwa amecheka mpaka akashika ukuta. "Hata nyonga ni yake," alisema. Kisha akaongeza, kwa kutania tu, kwamba fundi akirudi kutoka Dar na jina lake limeandikwa gazetini, ndipo wanaume wanapoona nyumba moja haitoshi. Na wa kwanza si talaka moja tu? Zamda alicheka pamoja nao. Mashavu yalimuuma jioni nzima kwa kicheko kile.

"Hodi hapa."

Zamda aliijua sauti. Sikuzani alimzidi umri, na adabu ilimtaka amwamkie. Salamu ilimkwama.

"Shika—"

"Marahaba, mwenzangu," Sikuzani alisema, akaiokoa salamu kabla haijafa. "Nimeambiwa nimo humu ndani. Nikasema nipite nijione."

Mabruki hakuwapo, alikwenda kwa Badrudin kununua vanishi. Zamda angeweza kusema hivyo na kubaki mlangoni. Badala yake alisogea pembeni, maana asingependa mtu atoke pale akisema amenyimwa njia. Sikuzani alitua beseni, akainama mbele ya meza. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakugusa kitu.

"Amenifanya mnene," alisema.

"Labda si wewe."

"Ni mimi. Kitambaa kile alikuja kuniomba pale stesheni. Nikamwambia, kisutu kimekwisha kazi, kata unapotaka. Akanisimamisha kwenye jua, anaangalia, anaondoka, anarudi. Watu wakadhani kachanganyikiwa." Alitabasamu, si kwa dharau, na Zamda angependa iwe dharau. "Mabruki ndivyo alivyo. Ukikaa naye, hakuoni. Ukiwa mbali ndipo anaona mpaka unavyokanyaga."

Zamda alikwenda jikoni akarudi na kikombe cha maji, kwa sababu mikono ilihitaji kufanya kitu. Sikuzani akanywa, akashukuru, akaacha chupa moja ya asali juu ya benchi.

"Hii ya bure," alisema. "Ni ya nyumbani."

Neno hilo la nyumbani lilibaki ndani baada ya mwenyewe kuondoka. Zamda aliichukua chupa, akaiweka nje karibu na banda la kuku. Akairudisha ndani. Akaitoa tena.

*

Kamati ilikuwa ije Ijumaa baada ya alasiri. Adhuhuri Mabruki alioga, akavaa kanzu, akaenda msikitini, na kabla ya kutoka alizunguka meza mara ya mwisho. Alitia tone la kutu chini ya tangi, pale tangi la kweli linapovuja.

"Imekwisha," alisema. "Zamda, usiruhusu mtu aiguse."

"Sitaruhusu mtu."

Alimsikiliza mpaka mlio wa viatu vyake ukapotea njiani. Kisha akaenda jikoni, akatwaa majivu, mchanga laini, ndimu mbili na guguta la hindi analosugulia masufuria. Alikuwa ameshalifikiri usiku kucha na halikuwa jambo gumu. Treni ikikataliwa, Mabruki atarudi kwenye vibatari. Akirudi kwenye vibatari hatakuwa na haja ya kwenda stesheni kuangalia kutu. Na kuivunja treni kungemfanya mwanamke mwovu mbele ya mtaa mzima, lakini nani atamlaumu mwanamke kwa kusafisha nyumba wageni wanapokuja?

Alianza na injini. Masizi yaliambuka kwa ndimu, yakateremka vidoleni mwake, na chini yake rangi ya damu ya mzee ikatoka inang'aa. Alisugua magurudumu mpaka kutu yote ikaisha. Alisugua mavi ya njiwa juu ya paa, doa la tangi, vumbi jekundu la madirishani, alama za matope kwenye ngazi za daraja la tatu. Alikuwa akilia, lakini hakupunguza mwendo. Mabruki alikuwa amesema kweli. Kila aliposafisha, kitu kilipungua. Behewa lililokuwa behewa likawa kopo la samli lenye madirisha.

Akamfikia mwanamke wa asali. Alimng'oa jukwaani kwa ukucha, akaenda naye jikoni. Moto ulikuwepo. Alimshika juu ya makaa, akaona ule mguu wa kushoto, na miguuni vumbi la stesheni ambalo Mabruki alikuwa amempaka kwa subira ambayo Zamda hakuwahi kuonyeshwa. Mkono haukufunguka. Hakujua ni huruma au ni hofu ya kuchoma kitu chenye sura ya mtu. Akamfunga kwenye pindo la kanga yake, pale anapofunga senti, akaenda kunawa.

Mabruki aliporudi alisimama mlangoni. Zamda alikuwa ameyatayarisha maneno ya kutosha.

"Nilidhani wageni wanakuja," alianza, "kitu kina masizi, kina mavi ya ndege, nikasema—"

"Unajua," Mabruki alisema.

"Najua nini?"

"Nilikufundisha mwenyewe."

Maneno mengine yote aliyokuwa ameyatayarisha yakamwisha. "Yalikuwa masizi yangu," alisema. "Yalitoka kwenye masufuria yangu. Nimeyachukua."

Mabruki aliketi. Aliinua behewa moja, akaligeuza, akalirudisha. Hakupaza sauti, hakumwita jina lolote. Kisha aliuliza, "Muuza asali yuko wapi?"

"Sijui. Labda kaanguka. Kuku walikuwa ndani."

Mabruki akapiga magoti, akaanza kutafuta uvunguni mwa meza na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Zamda alisimama juu yake, fundo lile la kanga likimgusa kiunoni, na akaona wivu unamkaba upya: kwa treni hakupiga magoti.

*

Bwana Lugembe, mwenyekiti wa kamati, alikuwa Msukuma mrefu mwenye kaunda suti na sauti ya mikutano. Aliingia na wenzake wawili, akakataa kiti, akaenda moja kwa moja mezani. Zamda alisimama kwenye mlango wa jikoni kungojea uso wa bwana yule ukunjamane.

"Aisee," Bwana Lugembe alisema. "Aisee, jamani."

Alizunguka meza. Akajitazama kwenye ubavu wa injini, akaona meno yake mwenyewe, akacheka.

"Ndugu Mabruki, nitakwambia ukweli. Nililetewa habari za kunitisha. Nikaambiwa umetengeneza treni yenye kutu na masizi, stesheni ina mavi ya ndege. Nilikuja hapa nimejiandaa kukukatalia. Tunakwenda mbele ya mataifa, ndugu yangu. Nchi huru, nchi imeshatangaza ujamaa, halafu mkoa wetu upeleke treni chakavu? Lakini hii," akagonga paa kwa kidole, "hii ni treni ya watu waliojitawala. Inang'aa. Nani kaisugua hivi?"

Mabruki alikuwa akitazama sakafu. Bwana Lugembe akageuka, akamwona mwanamke mlangoni mwenye majivu kwenye kucha.

"Mimi," Zamda alisema.

Halikupita akilini mwake neno hilo, lilitoka tu. Miezi yote watu walikuwa wameingia nyumbani kwake wakamsifu mumewe, wakamcheka yeye, na sasa mtu mkubwa alikuwa akiuliza habari ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Asingekuwa binadamu kama asingejibu.

"Dada yetu, hongera sana," alisema Bwana Lugembe, na wenzake wakapiga makofi mawili matatu. "Mnaona? Bwana anafua, bibi anang'arisha. Huu ndio ujamaa wenyewe. Ndugu Mabruki, jiandae. Jumatatu unapanda treni na kazi yako. Utakaa nayo kwenye maonyesho mpaka yaishe, uwaeleze watu, uifute vumbi."

"Mimi siendi," Mabruki alisema.

"Huendi vipi?"

"Hiyo si kazi yangu." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, ya mtu anayerudisha mzigo uliofikishwa kwake kwa makosa. "Mimi nilitengeneza nyingine. Hii kaimaliza mke wangu. Yeye ndiye anajua kuisafisha. Mwandikeni yeye."

Zamda alifungua mdomo. "Bwana, mimi siwezi kwenda Dar. Nani atakupikia?"

"Nitakula."

"Wala usiogope, dada," alisema Bwana Lugembe, na kadiri alivyolifikiri wazo ndivyo lilivyomkolea. "Mikoa mingine yote watasimama wanaume. Sisi Tabora atasimama mwanamke. Wazee wa Dar watatuona. Utafikia kwenye hosteli pamoja na akina mama wenzio, kila kitu kipo." Akamwambia mwenzake aandike jina, na mwenzake akauliza linaandikwaje, na Mabruki ndiye aliyemtajia.

Walipoondoka Zamda alimsogelea mumewe. "Nimekosa," alisema. "Nenda wewe. Nitayarudisha masizi, sufuria zipo."

"Hawataki masizi," Mabruki alisema. "Umesikia mwenyewe."

"Basi niseme nimeugua. Mabruki, usinipeleke mbali, ukabaki hapa na..."

Jina halikutoka. Mabruki alingoja litoke, na lilipokataa alirudi uvunguni mwa meza kuendelea kutafuta.

*

Jumatatu Mabruki alibeba sanduku la treni kichwani mpaka stesheni, Zamda nyuma yake na kibegi. Alilipangilia chini ya kiti cha mkewe kwa uangalifu, akatia pamba pale lilipocheza. Alikuwa mume mwema kwa kila aliyetazama.

"Usiliache juani," alisema. "Lehemu italegea."

"Utakwenda kwa Badrudin ukamwekee lile dirisha la duka ulilomwahidi?"

"Nitakwenda."

"Na alasiri?"

Mabruki aliangalia tangi la maji. "Alasiri nitaona," alisema, akashuka.

Zamda akakaa dirishani. Hakuwahi kuitazama stesheni ile akiwa ametulia. Mara zote alizopita alikuwa na haraka au na mzigo. Sasa aliona doa la kutu chini ya tangi, lilipoanzia na liliposhukia. Aliona njiwa walivyoharibu paa upande mmoja tu, upande wa jua. Aliona mbwa asiye na mkia. Kila kitu kilikuwa mahali ambapo Mabruki alikiweka mezani, na katikati ya jukwaa, nyonga imetoka nje kidogo, alisimama Sikuzani na beseni lake.

Akaja dirishani. "Mwenzangu, safari njema. Chukua chupa moja, Dar hawana asali ya hivi."

"Nauziwa kiasi gani?"

"Aa, wewe tena? Chukua tu."

"Sitaki cha bure," Zamda alisema. Cha bure kilikuwa bado kiko nyumbani, karibu na banda la kuku. Akavuta pindo la kanga, akalifungua kwa pupa apate senti, azihesabu mkononi mwa mwanamke yule mbele ya watu, ijulikane kwamba hadaiwi.

Senti mbili zilidondoka dirishani, na pamoja nazo kikadondoka kijiti. Kiliruka kwenye ngazi ya behewa, kikaanguka jukwaani miguuni pa Mabruki.

Aliinama, akakiokota. Sikuzani alichungulia, akajitambua, na safari hii hakutabasamu. Alimtazama Zamda kwa namna ambayo Zamda angelipa chochote isiwe huruma. Mabruki alimgeuza yule mwanamke wa kijiti kwenye kiganja. Kifungo cha shati kilikuwa bado kichwani, kisutu bado kiunoni, na vumbi la miguuni halikuguswa. Katika kazi yake yote, ni yeye tu aliyebaki kama alivyotengenezwa.

"Kuku," Mabruki alisema.

Filimbi ikapigwa. Zamda aliinuka, kisha akakumbuka sanduku, na jina lake lililoandikwa, na Bwana Lugembe aliyekuwa akimpungia mkono kutoka mlango wa stesheni. Akakaa. Mabruki alimpuliza yule mwanamke taratibu, akamtia kwenye mfuko wa shati, wa kushoto, akafunga kifungo. Treni ikaanza kwenda.